Muulize Fundi: Umeme gani wa kutengenezea maji ya fedha?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeona watu wanatengeneza maji ya fedha nyumbani. Wanatumbukiza vijiti viwili vya fedha kwenye glasi ya maji yasiyo na chumvi, wanapitisha umeme mdogo, basi. Nina chaja ya simu ya volti 5, betri ya sola ya volti 12, adapta ya zamani ya redio na chaja ya laptopu ya volti 19. Nitumie ipi? Mama yangu anasumbuliwa na vidonda vya tumbo, nataka ayajaribu.
— Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na umeme maana ndio unaonilisha, halafu tuje kwa mama.

Katika hivyo ulivyotaja, sichagui hata kimoja. Maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo volti 5 zitakukeshesha. Betri ya sola, volti zake si mbaya, lakini vijiti vikigusana ikapiga shoti, inamwaga ampia nyingi kiasi cha kuyeyusha waya mkononi mwako. Chaja na adapta ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Nimefungua nyingi za bei chee hapa mezani, na kinachotenganisha umeme wa ukutani na ule unaotoka ni chembamba kama ganda la kitunguu. Kikipasuka, zile volti 230 zinahamia kwenye chuma kitupu unachokishika kwa mkono uliolowa.

Wanaoijua kazi hii huunga betri tatu za volti 9, zile za mstatili, kwa mfululizo: chanya ya hii kwenye hasi ya ile. Unapata volti 27 zisizojuana kabisa na soketi. Weka na rizista, kile kidude cha kubana mkondo wa umeme, ya kilo-om 10 kwenye njia ya waya mmoja. Hata vijiti vikigusana, haipiti zaidi ya miliampia 2.7. Hiyo rizista watu huiruka, na ndiyo yenye maana. Fedha inavyozidi kuyeyuka ndivyo maji yanavyozidi kupitisha umeme, mkondo unapanda wenyewe, vijiti vinaota vumbi jeusi na maji yanageuka manjano au kijivu.

Sasa hesabu. Miliampia 1 kwa saa nzima huyeyusha fedha kama miligramu 4. Kwenye robo lita, hiyo ni kama miligramu 16 kwa lita, kama yote imebaki majini. Asiye na mita ya kupimia mkondo hajui amepitisha kiasi gani, na hao uliowaona wanakunywa kwa kukisia.

Kwa mama, hapana. Fedha iliyoyeyuka ikikutana na asidi ya tumboni, ambayo ni haidrokloriki, inaganda kuwa kloridi ya fedha. Ni ule ule ukungu mweupe utakaouona ukitumia maji ya bomba yenye chumvi. Na ile inayopenya mwilini hujikusanya kwenye ngozi, mwanga unaigeuza rangi. Stan Jones wa Montana, Marekani, alianza kujitengenezea na kunywa mwaka 1999 akihofia dawa zingeadimika mwaka 2000 ukiingia. Alipogombea useneti mwaka 2002 ngozi yake ilikuwa imegeuka bluu-kijivu, na rangi hiyo haioshwi. Mwaka huo huo wa 1999, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka kwamba bidhaa hizi zinazouzwa kama dawa hazijathibitika kuwa salama wala kuwa na manufaa.

Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye hupimwa hospitali na kutibiwa kwa antibiotiki. Fedha inaweza kuzuia baadhi ya antibiotiki zisifyonzwe vizuri. Vidonda vingine vinatokana na dawa za maumivu. Muulize mama kama anameza diclofenac kwa ajili ya magoti, na kwa muda gani, umwambie daktari.