Moto ukivuka mpaka nani anazima?

Mkuu, umeuliza moto wa msitu ukivuka mpaka nani anawajibika, na hizi ahadi za kurudisha misitu zinatusaidia nini sisi wa Tanga. Mikataba ipo, nchi za ASEAN (umoja wa nchi za kusini mashariki mwa Asia) zilisaini wa moshi wa moto wa misitu 2002 ila Indonesia, ambako moshi mwingi unatoka, ikaja kuuridhia 2014, kwahiyo saini haizimi moto. Afrika tuna AFR100 ya 2015, mpango wa nchi za Afrika wa kurudisha misitu, lengo hekta milioni 100 ifikapo 2030, Tanzania tumeahidi milioni 5.2 na Kenya 5.1.

Ushirikiano wa nchi na nchi wa nini? Angalia mto Umba, unaanzia huku Usambara unaenda kumwaga Vanga, Kenya, yaani mtu akichoma msitu Lushoto wa Vanga anaoga tope hata kosa lake halijui.

Mi naona kazi ni kabla ya moto, mana mwingi unawashwa na watu, kusafisha mashamba, kurina asali, mkaa, wafugaji wanataka majani mapya, sasa barabara za moto (njia zinazofyekwa ili moto usivuke) zisafishwe kabla kiangazi hakijakaza na kamati za vijiji zipewe hata buti na mapanga jamani. Na kurudisha msitu sio lazima miche, mara nyingi ukizuia moto na mifugo miaka kadhaa unajirudisha wenyewe, tena bei rahisi. Ukipanda basi panda ya asili, kule Amani, Usambara, ililetwa Maesopsis, mti wa kutoka nje ya huko, ikasambaa mpaka ndani ya msitu. Mikaratusi kwenye chanzo cha maji ndo usithubutu kabisa.