Barua kwa mwanangu: tutakachosema kuhusu babu yako

Nakuru

Mwanangu,

Umeniuliza tuandike nini kwenye wasifu wa babu yako utakaosomwa siku ya kumbukumbu yake, maana ulicho nacho ni sentensi moja tu: alikuwa mwanajeshi, kisha mpima ardhi, akastaafu. Unataka kuongeza kwamba alikuwa "mchapakazi na mwaminifu". Nakuomba uyaache maneno hayo. Kila marehemu husomewa hayo hayo. Andika kazi aliyoifanya na namna alivyoifanya, watu watamjua.

Upande wa jeshi uwe mfupi. Aliingia 1964, vikosi vya King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, vikiwa vimekwisha kuwa Kenya Rifles, akahudumu kaskazini mashariki wakati wa vita vya shifta, yaani waasi waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vilivyomalizika 1967. Cheo, kikosi na tarehe uzinakili kutoka kwenye cheti chake cha kuacha jeshi. Jambo lisilo kwenye cheti lisiingie, hata kama wajomba zako wanalisimulia vizuri. Nambari yake ya utumishi usiichapishe.

Ramani ndiyo iliyomvuta kwenye upimaji. Askari hutumia ramani ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1, na akitaja mahali kwa tarakimu sita huwa ametaja mraba wa mita 100 kwa 100. Hiyo inatosha kumfikisha kisimani, lakini haiwezi kumwonyesha mkulima shamba lake linaishia wapi.

Hapa ndipo nataka ukae. Miaka ya 1970, mashamba mengi makubwa ya walowezi kuzunguka Nakuru yalikuwa yamenunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za wanahisa, na kila mwanahisa alikuwa akingoja kipande chake. Mpimaji hakuanza kwa kugawa. Alianza kwa kutafuta bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini, za zamani za shamba zima, kwani ukianzia kwenye bikoni iliyosogezwa, kosa hilo linahamia kwenye kila ploti. Kisha vijana wakafyeka mstari kwa panga, thiodolaiti, yaani chombo chenye darubini cha kupimia pembe, ikasimamishwa juu ya bikoni kwa timazi na kusawazishwa kwa pimamaji. Kila pembe aliisoma mara mbili, mara ya pili akiwa ameipindua darubini na kuizungusha upande wa pili, kwa sababu wastani wa masomo hayo mawili hufuta kasoro ya darubini isiyokaa sawa na mhimili wake. Mwisho alijumlisha: shamba la kona nne lazima pembe zake za ndani zifike digrii 360, la kona tano 540. Tofauti ikizidi kiwango kinachoruhusiwa, anarudi porini. Hilo la kurudi liandike, maana hakuna mwenye shamba ambaye angejua kama asingerudi.

Urefu nao una hila zake. Utepe wa chuma wa mita 100 hurefuka kama milimita 11 joto likipanda nyuzi 10, na utepe uliorefuka husoma umbali pungufu. Kwa hiyo alipenda kupima asubuhi na mapema, na wakati mwingine wowote aliandika halijoto kando ya kipimo ili arekebishe baadaye.

Usikwepe lawama alizotupiwa, kwamba "serveya amekula shamba". Waeleze watu. Ramani hupima ardhi kana kwamba imelala tambarare. Mita 100 ulizotembea kwenye mteremko wa digrii 10, kama ule wa mlima Menengai, ni mita 98.48 kwenye ramani. Tena ramani nyingi za usajili zilichorwa kwa mipaka ya jumla, yaani ua na mitaro. Kwenye ramani ya 1:2,500, mstari wenye unene wa milimita moja ni mita 2.5 shambani, kwa hiyo majirani wanaogombania hatua moja hawawezi kuamuliwa na karatasi hiyo peke yake. Kuna sababu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inataka mpaka wa namna hiyo uamuliwe kwanza na msajili wa ardhi kabla ya kesi kusikilizwa mahakamani. Mimi naona alilaumiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyewaeleza wenye mashamba.

Chukua ukurasa mmoja wa daftari lake la shambani uutoe kopi. Utaona hakuna tarakimu iliyofutwa kwa raba. Iliyokosewa imekatwa kwa mstari mmoja, ikabaki ikisomeka, na iliyo sahihi imeandikwa juu yake, ili atakayekagua aone kilichobadilishwa. Ukurasa huo uweke kwenye programu mahali pa picha ya tatu. Funika majina ya wenye ploti na nambari za ploti.

Thiodolaiti ukiileta, legeza skrubu za kubana kabla ya kuirudisha sandukuni, na usiitie mafuta ya cherehani. Yanashika vumbi na kukwamisha mihimili. Siku hiyo isimamishwe kwenye miguu yake mitatu, na mtu mzima mmoja akae nayo.

Nitumie rasimu kabla hujaipeleka kwa mchapishaji, nizilinganishe tarehe na cheti.

Mzazi wako