Jibu: Kitabu nimeshalipia, Kindle haikioni

Mkuu wa Area D, salama? Umenunua kitabu cha EPUB (aina ya faili la vitabu vya kielektroniki), na programu ya Kindle, ile ya Amazon ya kusomea vitabu, kwenye tableti yako ya Android haikioni. Angalia kwanza kama duka limekiwekea kufuli la DRM, yaani ulinzi wa kidijitali unaozuia kitabu kunakiliwa au kufunguliwa kwenye programu nyingine. Kikiwa nalo, usihangaike, kisomee kwenye programu inayokubaliwa na duka hilo. Kikiwa wazi, kipakie Google Play Books; mimi ndiko ninakosomea. Kindle nayo hupokea EPUB, ila uitume kwa Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma faili lako kwenye Kindle.

Siku nyingine soma kionjo cha bure kabla ya kulipa. PDF zilizoskaniwa ziogope kabisa: maandishi hayajipangi upya kwenye kioo kidogo, utavutavuta ukurasa mpaka uchoke. iPad sijatumia, wenye nayo watakuambia.