Mwanangu, uhaba wanaoutangaza si nafasi za kazi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza inakuwaje kila mahali wanalia kwamba dunia haina wataalamu wa kompyuta wa kutosha, ilhali wewe una shahada na vyeti vyako, umeomba kazi tangu mwaka jana na hujaitwa hata kwenye usaili. Ukauliza kama ni heri uachane na fani yenyewe. Hapana baba, usiiache. Ila yakupasa ujue huo uhaba wanaousema ni uhaba wa nini.

Chukua usalama wa mitandao. Mwaka 2024 shirika la ISC2, linalotoa vyeti vya fani hiyo, lilikadiria kwamba dunia inapungukiwa wataalamu milioni 4.8. Wengi waliisoma takwimu hiyo kana kwamba kuna viti milioni 4.8 vinasubiri wa kuvikalia. Sivyo. Hao ni watu wanaohitajika ili taasisi zijilinde ipasavyo, na kuhitajika kwa mtu si kutengewa mshahara. Katika utafiti huohuo, sababu iliyotajwa zaidi ya upungufu ilikuwa ufinyu wa bajeti, ikaipita ile ya kukosekana kwa wenye ujuzi.

Mimi nimekaa miaka mingi kwenye vikao vya ajira, upande wa mwajiri. Mkuu wa kitengo cha TEHAMA anapoandika "uzoefu usiopungua miaka mitatu", hawachukii vijana. Ana mfumo wa malipo unaokwama mwisho wa mwezi na wasaidizi wawili waliochoka, na hana wa kumwelekeza mgeni. Kwa hiyo kila taasisi inamsubiri mtu aliyefundishwa na taasisi nyingine. Jambo hili linaniuma, na vikaoni nimelisema bila kuficha: uhaba huu sehemu kubwa tunautengeneza wenyewe.

Hata waliojaribu kufundisha walikwama. Kampuni ya Andela ilianza mwaka 2014 kwa kuwachukua vijana wa Afrika, kuwanoa na kuwaunganisha na kampuni za ng'ambo. Septemba 2019 ikawapunguza waandishi wa programu wachanga Nigeria, Uganda na Kenya, kwa maelezo kwamba wateja walitaka wenye uzoefu. Vijana wale hawakuwa na upungufu wa akili, baba, kama wewe usivyo nao.

Kisha hali ikazidi kubana. Wakati wa UVIKO riba Marekani ilishuka karibu na sifuri, fedha za kukopa zikawa rahisi, kampuni kubwa zikaajiri bila breki. Riba ilipoanza kupanda Machi 2022, zikapunguza wafanyakazi: Meta, wenye Facebook, watu 11,000 Novemba mwaka huo, Google 12,000 Januari 2023. Ukiomba kazi ya mtandaoni ya kampuni ya nje, uko foleni moja na hao waliopunguzwa, wenye uzoefu tayari. Na zile kazi ndogondogo alizokuwa akianzia mgeni, sasa programu za akili unde zinazifanya kwa sekunde.

Kwa hiyo usinunue cheti kingine. Ingia mahali penye mfumo halisi unaotumiwa na watu halisi, hata kama ni SACCOS au halmashauri, ujifunze unavyoharibika na unavyorudishwa. Pia isome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika hapa Tanzania Mei 2023. Taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa kujisajili na kuwa na afisa wa kuzisimamia, na anayeielewa sheria na hifadhidata kwa pamoja ni adimu. Hapo ndipo mimi ningeweka nguvu, kuliko kuhangaikia kampuni za California.

Sasa ile nafasi ya hospitalini, ya kupokea malalamiko ya watumiaji wa mfumo, uliyosema utaikataa kwa sababu mshahara ni mdogo. Kabla hujakataa, waulize mambo mawili: nani atakuwa juu yako kikazi na amekaa hapo muda gani, na je, utaruhusiwa kushika seva na kurejesha data kutoka kwenye nakala rudufu, au utabaki kujibu simu tu? Wakisema simu tu, achana nayo. Wakisema utashika mfumo, ichukue. Nauli na kodi ya chumba ya miezi ya mwanzo tutasaidiana mimi na baba yako, tumeshazungumza.

Mama yako