Gitaa Lako Halijaharibika, Limefika Dodoma

Magitaa mengi huletwa barazani kwangu mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Ni wakati ambao wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wameshapata vyumba, na watumishi waliohamishiwa huku wamemaliza kupanga vyombo. Gitaa linatolewa mfukoni na mwenye nalo anashikwa na butwaa. Tanga lilikuwa zima. Dar es Salaam lilipigwa kwenye sendoff ya dada yake bila tatizo lolote. Hapa nyuzi zimelalia freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kila noti inakwaruza, na ukipitisha kiganja ukingoni mwa shingo, ncha za freti zinakuparura. "Mzee, hili ndiyo basi tena?"

Si basi. Limekauka tu. Mimi si fundi wa kulipwa, kazi yangu ni ya ofisini na magitaa ni ya jioni na Jumamosi, lakini hili nimelishika mkononi mara nyingi kiasi cha kukuambia bila kusita: usinunue gitaa jingine, na usimpe mtu tupa aanze kukata freti, kabla hujaelewa hewa ya huku inalifanya nini gitaa lako.

Mbao hunywa na kutoa unyevu maisha yake yote, hata ikipakwa vanishi. Viwanda vingi hujenga magitaa katika vyumba ambavyo unyevu wa hewa ni kati ya asilimia 45 na 55. Pwani hewa ina unyevu zaidi ya huo. Dodoma, kuanzia Mei hadi mvua za Desemba, ni ukavu na upepo. Ubao wa mbele unasinyaa na kubonyea, daraja, pale nyuzi zinaposhikwa juu ya mwili, linashuka nao, na nyuzi zinafuata. Ubao wa vidole, ule wa shingoni unapobania nyuzi, nao unapungua upana, ila freti ni chuma, hazipungui, ndiyo maana ncha zake zinachomoza. Mvua zikikolea mambo yanageuka: ubao unavimba, nyuzi zinapanda juu, na yule yule aliyelalamika Oktoba anarudi Februari akisema vidole vinamuuma.

Kwa hiyo kwanza lirudishie gitaa unyevu. Chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kile cha wanafunzi wa bweni, kitoboe matundu, tia ndani sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka isidondoshe hata tone. Kiweke ndani ya mfuko karibu na kichwa cha gitaa, funga zipu, na uwe unalowesha upya kila sponji ikikauka. Lipe wiki moja au mbili. Usilitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, na usiliache ndani ya gari. Gundi nyeupe ya mbao huanza kulainika joto likikaribia sentigredi 60, na gari lililofungwa juani halichukui muda kufika huko.

Wakati unasubiri, angalia gitaa lako ni la nyuzi gani. Kama kichwa chake kina matundu mawili marefu katikati, shingo ni pana, na nyuzi zinafungwa fundo darajani, hilo ni la nailoni. Seti ya nailoni huvuta kwa nguvu ya kama kilo 40 hivi. Seti ya kawaida ya chuma ya gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, hupita kilo 70. Ukikosa nailoni dukani utaambiwa, "Weka hizi hizi, si zote nyuzi?" Usiweke. Magitaa niliyoona yameng'oka daraja au kuvimba tumbo, mengi yaliuawa na neno hilo moja.

Vijana huniuliza nilisomea wapi. Hakuna chuo. Sisi tuliokuwa wavulana hapa mjini mwanzoni mwa miaka ya 80 tulijifunza kwa sababu hapakuwa na kitu. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha, sabuni yenyewe ilipangiwa foleni, nani akuuzie nyuzi za gitaa? Mwili ulikuwa debe au galoni ya mafuta, shingo ubao wa kreti, nyuzi waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa uzi mmoja mmoja, na freti vipande vya spoku. Ukibahatika kupata nyuzi halisi kutoka kwa mpigaji wa kwaya, ukikatika uzi huutupi: unafunga fundo jipya mwishoni na kuuvuta tena. Zikifubaa unazichemsha kwenye sufuria, grisi na jasho vinatoka, na kwa siku kadhaa zinalia kama mpya. Kapo yetu, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni ili kupandisha sauti, ilikuwa penseli na kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Hiyo kapo bado inafanya kazi, jaribu.

Mwalimu alikuwa redio. Mbaraka Mwinshehe alishafariki kwa ajali ya gari kule Mombasa, Januari 1979, lakini kwenye Redio Tanzania alikuwa hai, na sisi tulikuwa tunakimbizana na solo lake kwa masikio kabla wimbo haujaisha, maana hakukuwa na kurudisha nyuma. Na kulikuwa na Patrick Balisidya. Watu wa nje ya mkoa humkumbuka kwa Afro 70, bendi iliyokwenda kuiwakilisha nchi kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos mwaka 1977. Kwetu uzito ulikuwa kwingine: huyu ni mtoto wa Mvumi. Mvumi unaweza kwenda kwa baiskeli!

Debe lile lilifundisha jambo ambalo gitaa la dukani linakuficha. Anayetengeneza gitaa la debe kwa mara ya kwanza hupanga freti kwa umbali sawa kama vipandio vya ngazi, kisha anashangaa kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, zinagombana. Kanuni ni hii: pima urefu wa uzi kutoka mfupa wa kichwani mpaka mfupa wa darajani, vile vipande viwili vinavyobeba nyuzi kila upande, gawanya kwa 17.817, hapo ndipo freti ya kwanza. Urefu uliobaki gawanya tena kwa 17.817, endelea hivyo hivyo. Uzi wa milimita 650 unakupa freti ya kwanza kwenye milimita 36.5, ya pili iko 34.4 mbele yake, na ya 12 inaangukia 325, nusu kamili. Nusu hiyo ishike. Inaeleza kwa nini ukitaka kushusha uzi milimita moja juu ya freti ya 12, lazima upunguze milimita mbili kwenye mfupa wa darajani. Wasiojua hupunguza moja, wanaona haijatosha, wanakasirika, halafu wanakata kupita kiasi.

Sasa pima. Huhitaji vifaa vya kuagiza. Kadi ya benki isiyo na namba zilizonyanyuka ina unene wa milimita 0.76, kadi tatu pamoja ni kama 2.3. Kwa gitaa kavu la chuma, uzi mnene ukikaa juu ya freti ya 12 kwa kiasi hicho hivi, na ule mwembamba ukashuka kidogo chini ya hapo, mkono utapumzika. Kisha shingo. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye ya 14 kwa mwingine. Uzi umegeuka rula. Tazama juu ya freti ya saba. Panapaswa kupita karatasi mbili au tatu za printa. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imevutwa mbele na nyuzi, na ile fimbo ya chuma iliyofichwa ndani yake inahitaji kukazwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Pakiwa hapana nafasi kabisa, legeza. Robo mzunguko, halafu acha mpaka kesho. Alenki ikigoma, acha kabisa, mtafute aliyekutangulia katika kazi hii. Na usiguse fimbo hiyo kabla gitaa halijamaliza kunywa maji yake, utakuwa unarekebisha hali ya hewa.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya mfupa. Kile kipande kidogo chenye mifereji sita kichwani, tunachokiita mfupa, kwenye magitaa ya bei nafuu, ni plastiki yenye uwazi ndani. Dodoma mfupa wa ng'ombe hauadimiki. Nenda mnadani Msalato, ongea vizuri na mchoma nyama akuachie mfupa wa mguu kabla haujaingia motoni, pale katikati paliponyooka na penye ukuta mnene. Atakuuliza wa nini, ukimwambia wa gitaa atacheka, na pengine atakupa bure. Kata ncha, toa uboho wote, chemsha kwa sabuni ya unga. Usichemshe kutwa nzima, mfupa unakuwa wa kumung'unyika. Kwangua, anika kivulini siku kadhaa. Ukiona madoa ya njano, mafuta bado yamo. Loweka kwenye petroli kidogo, nje, mbali na jiko. Kisha msumeno wa chuma, barakoa usoni maana vumbi lake ni baya na harufu yake mke wangu hajaizoea mpaka leo, na umalizie kwa kusugua juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo ili upande wa chini unyooke.

Mifereji ndiyo inayotaka subira. Tupa zake ni ghali, lakini kipande cha uzi wa zamani uliosokotwa, wa unene ule ule, kinakata mfereji wake chenyewe ukikivuta mbele na nyuma. Elekeza mfereji uiname kidogo upande wa funguo za kukazia nyuzi. Kujua umefika, bana uzi katikati ya freti ya pili na ya tatu, uangalie juu ya ya kwanza: pabaki kauwazi ka mwanga tu. Ukipita chini, jaza vumbi la mfupa, dondoshea supagluu, uanze upya. Mwisho pitisha ncha ya penseli kwenye kila mfereji ili uzi uteleze wakati wa kutyuni. Halafu angusha sakafuni plastiki ya zamani, kisha kipande cha mfupa kilichobaki, usikilize tofauti.

Kukwaruza kwenyewe si dhambi. Wazee wa Kigogo hukutafuta kwa makusudi: sanduku la ilimba, ala yao ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, huwa na matundu yaliyofunikwa kwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mvumo wake, na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alikwenda na mlio huo mpaka majukwaa ya Ulaya. Tofauti ni kwamba wao wanajua unatoka wapi. Wewe ukisikia mkwaruzo uufuate: uko kwenye freti moja, nyuzi zote, au ni kifungo tu cha shati lako kinachogonga mgongo wa gitaa?

Magitaa ya umeme nitayapitia haraka. Likikatakata sauti, usilaumu pikapu, zile sumaku za chini ya nyuzi zinazonasa sauti. Tundu la jeki limelegea au waya wake umeachia risasi, fundi redio yeyote anauchomelea kwa dakika chache. Vidhibiti sauti vikikwaruza ukivizungusha ni vumbi letu hili, pulizia dawa ya kusafishia swichi na uzungushe mara nyingi. Ila amplifaya ya mitumba usiichomeke kabla ya kusoma maandishi ya nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Ya Marekani inataka 120, ya Japani 100, na bila transfoma ya kushusha utasikia harufu kabla ya sauti. Kanisani, mdomo ukigusa maiki ukapigwa shoti huku umeshika nyuzi, usiendelee kupiga eti ibada ifike mwisho. Eathi ya jengo ina kasoro, na shoti ya namna hiyo imewahi kuua wanamuziki. Zima, aitwe fundi umeme.

Na ukienda kwa fundi yeyote, awe mimi barazani au mwingine, nenda na seti mpya ya nyuzi. Zenye kutu hazina unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, noti ya freti ya 12 haitalingana na uzi mtupu hata afanye nini, na utaambiwa daraja ni bovu wakati ni zima.