Ticha, hivi kaboni ya kwenye dagaa ilitoka wapi?

Swali: Shikamoo ticha. Nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Mdogo wangu wa form four kaniambia eti sheria za fizikia zingekuwa tofauti kidogo tu tusingekuwepo, sisi wala samaki. Kweli au mbwembwe za shule?

Jibu: Marahaba. Dogo hajakosea, ila kaacha sehemu tamu. Chukua hao hao dagaa, ukiwasahau jikoni wanaungua wanakuwa weusi tii, ule weusi ni kaboni, na ulimwengu ulipoanza kaboni haikuwepo, ilikuwa haidrojeni na heli na vichembe vya lithi basi. Kaboni imepikwa ndani ya nyota, kwenye joto la digrii kama milioni 100, heli tatu zikaungana.

Sasa ngoma iko hapa. Heli mbili zikigongana zinakuwa berili, elementi nyingine, ambayo haikai, yaani sekunde moja igawe vipande trilioni, haimalizi hata kimoja. Ni kama watu wawili wamepishana stendi ya Nyegezi wanapeana mkono kila mtu anawahi gari lake, halafu wa tatu inabidi afike mikono haijaachana! Kwa mwendo huo kaboni ingekuwa kiduchu mno. Mwaka 1953 Mwingereza Fred Hoyle akasema lazima kaboni ina ngazi ya nishati karibu na MeV 7.65 (MeV ni kipimo cha nishati ya vitu vidogo kama vya ndani ya atomu), ili heli ya tatu ikifika ipokelewe fasta, kama bembea ukiisukuma kwa wakati wake inapaa. Wenzake wa chuo cha Caltech kule Marekani wakapima, wakaikuta. Aisee mimi hii mpaka leo inanisisimua, mtu katabiri kitu cha ndani ya atomu kwa sababu tu kaboni ipo.

Hiyo ngazi inapangwa na nguvu inayoshika protoni na nyutroni, vile vichembe vya katikati ya atomu, pamoja, ikishindana na umeme wa protoni zinazosukumana. Hesabu za mwaka 2000 zilionyesha ukiichezea hiyo nguvu kwa asilimia 0.5 tu, nyota inatoa kaboni bila oksijeni ya maana, au oksijeni bila kaboni, na dagaa anataka zote mbili, moja mwilini nyingine kwenye maji ya ziwa.

Ila hilo "kidogo tu" dogo asilitumie hovyo. Nguvu ya uvutano ukiigusa kidogo nyota zinaendelea kuwaka, muda wake wa kuishi ndo unabadilika. Akirudi na hiyo hoja muulize: nguvu ipi, na asilimia ngapi?