Vijitabu vya ibada: maswali yenu ya robo hii

Tangu kijitabu chetu cha tafakari za kila siku, cha robo ya Oktoba hadi Desemba, kianze kusambazwa, barua na meseji zimekuwa nyingi. Mimi ndiye mhariri wake. Nimechagua maswali yanayorudi kila mara.

Bwana Yesu asifiwe. Neno la Mungu ni bure, mbona ninyi mnatuuzia? (Mwanakwaya, Singida)

Amina, ndugu yangu. Unachochangia ni karatasi, wino na nauli ya boksi kwenye basi, na bei yenyewe iko chini ya gharama. Pengo tunaliziba kwa sadaka za watu wanaoipenda kazi hii. Mwaka mmoja tulijaribu kugawa bure. Mabunda yalikaa ofisi za wachungaji mpaka robo ikaisha, na karatasi zake nilizikuta stendi zimefungiwa karanga. Niliumia sana. Tangu hapo tunaomba mchango mdogo, kwa kuwa mtu hukitunza alichokitolea jasho. Vya wafungwa na wagonjwa mahospitalini bado tunatoa bila malipo, na tutaendelea.

Tunaomba muongeze ukurasa mmoja tu wa watoto. Ni mmoja tu! (Mwalimu wa shule ya Jumapili, Korogwe)

Mwalimu, ningeweza ningeshafanya. Karatasi kubwa ya mtamboni hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu chetu huongezeka kwa kurasa 16, hakiongezeki kwa mmoja. Oktoba hadi Desemba zina siku 92. Kijitabu kina kurasa 96, kila siku na ukurasa wake, zinabaki nne: jina la kitabu, salamu, orodha ya masomo na anwani. Januari hadi Machi kwa kawaida ni siku 90, hivyo zinabaki sita. Hizo mbili za ziada nakupa wewe. Niletee hadithi kabla ya mwezi wa nane.

Nani alianzisha desturi ya neno la kila siku? (Kijana wa Kanisa la Moravian, Tukuyu)

Umeuliza habari za nyumbani kwako! Mwaka 1728, huko Herrnhut, Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoraviani, aliwapa waumini neno fupi la kushika siku inayofuata. Ndugu wakawa wanalipeleka nyumba kwa nyumba. Kitabu cha kwanza cha mwaka mzima kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731, na hakijakoma mpaka leo. Wamoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891, walikuwa watu waliolelewa na desturi hiyo. Kwa upande wa pwani, wamisionari wa Kianglikana waliweka mtambo wa kuchapa Zanzibar katika miaka ya 1860, na miongoni mwa waliofanya kazi hapo walikuwa vijana waliokombolewa kutoka utumwani. Nikishika kijitabu kilichotoka mtamboni bado kinanuka wino, nawakumbuka vijana wale.

Vijitabu vizuri vya Marekani vipo tayari. Kwa nini msitafsiri tu, mkapunguza kazi? (Katekista, Kahama)

Katekista, hapa niruhusu niseme kwa kirefu.

Navyo navithamini. The Upper Room kinatoka Nashville tangu 1935, Our Daily Bread tangu 1956, na vimelisha watu wengi, mimi nikiwamo. Hata Biblia yenyewe imetufikia kwa tafsiri. Lakini tafakari ya kila siku husimama juu ya mambo madogo ya maisha, na mambo hayo hayasafiri vizuri.

Niliwahi kuhariri tafakari iliyotafsiriwa. Baba anakata nyasi za uani Jumamosi, na mwanawe mdogo anamfuata nyuma akisukuma mashine ya kuchezea. Fundisho lilikuwa kumfuata Baba yetu wa mbinguni. Kiswahili chake kilikuwa safi kabisa. Tukaisoma kwenye jumuiya ya akina mama, na mmoja akauliza, "Hao wana ng'ombe wangapi?" Hakukosea hata kidogo. Kwake nyasi hukatiwa mifugo. Ila dakika kumi zilizofuata tulizungumzia malisho, na Baba wa mbinguni tukawa tumemwacha uani.

Wiki iliyofuata tukasoma ya mama mmoja wa Kilosa. Aliacha ndoo yake kwenye foleni ya bomba alfajiri, akaenda kumwombea jirani mgonjwa. Aliporudi alijua zamu imempita. Akakuta ndoo imejaa, imefunikwa, imewekwa kando. Hakuna aliyesema ni nani aliyeijaza. Fungu lilikuwa Wagalatia 6:2, kuchukuliana mizigo. Sikuhitaji kufundisha neno. Kila mama alikuwa na ndoo yake ya kusimulia, na mmoja alisimama akaungama kwamba yeye huwa anazisogeza nyuma ndoo za wenzake.

Ndiyo maana naendelea kuwaomba muandike. Kijitabu chetu kimoja husomwa kwa sauti sebuleni, kikaenda kwa jirani, kikaishia kwa bibi kijijini. Kinatakiwa kiingie masikioni mwa watu hao bila mkalimani.

Nami nataka kuandika. Nianzie wapi? (Mwanafunzi wa chuo, Morogoro)

Anza na fungu moja, mwanangu, na wazo moja ndani yake. Maneno 250 yanatosha. Usikusanye mistari saba kuonyesha kwamba unaijua Biblia. Simulia jambo uliloliona kwa macho yako, na kama linamhusu mtu mwingine, kamwombe ruhusa kwanza. Siri ya mtu haigeuki ushuhuda kwa sababu tu imeandikwa vizuri. Kisha msomee mtu kwa sauti. Pale ulimi wako unapokwama, sentensi ni mbovu. Tafakari za Krismasi tunazipokea mwezi wa tatu, maana zinapita kwa mhariri, kwa mchungaji anayekagua mafundisho, kwa msahihishaji, halafu mtamboni. Ukirudishiwa kazi ina wino mwekundu, usikate tamaa. Yangu ya kwanza ilirudishwa mara nne.

Je, ni dhambi kutoa kopi za kijitabu? (Mzee wa kanisa, Mwanza)

Ukurasa mmoja kwa ajili ya ibada ya nyumbani, toa. Kitabu kizima ukakiuze, hapana. Sisi wenyewe huomba ruhusa kwa vyama vya Biblia kabla ya kuchapa mistari ya tafsiri zao.

Macho yangu hayaoni tena maandishi yenu madogo. Mjukuu hunisomea, lakini si kila siku yupo. (Bibi, Bukoba)

Shikamoo bibi. Tumeanza kurekodi tafakari za kila siku, dakika tatu tatu, tunazituma kwa WhatsApp alfajiri. Mwambie mjukuu akuwekee kwenye simu kabla hajasafiri. Toleo la herufi kubwa litatoka robo ijayo, nawe utapata la kwanza. Nina ombi pia. Siku mjukuu akiwepo, msikilize anaposoma. Akijikwaa au akiruka neno, niandikie ni neno gani na la tarehe ngapi, nilibadilishe.